Mistari Minane ya Msaada

Siku niliyomwona Nyanzobe kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti mbele ya kibanda changu, amefumba jicho moja, anachungulia plau niliyokuwa nimetoka kuinyoosha. Plau yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine.

"Fundi, hii umeinyoosha," akaniuliza, "au umeikunja upande wa pili?"

Mimi na wanawake nisiowafahamu huwa tunaanza kuongea baada ya mwezi mmoja hivi. Nilichukua nyundo nikagonga pale alipokuwa akipatazama, nikaiweka plau chini, naye akafumba jicho tena. Tulifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne akasema, "Haya, sasa," ndipo akafungua kamba kwenye baiskeli yake, akateremsha plau yake mwenyewe iliyovunjika mkono mmoja.

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka 2005, mvua bado. Kijiji chetu kiko bondeni Momba, kwenye joto, mbali na kwetu Mbozi nilikozaliwa katikati ya kahawa na baridi. Nilishuka huku kwa sababu Wasukuma walikuwa wamehamia na ng'ombe wao, na plau zao zilikuwa zinavunjika bila kuwa na mtu wa kuzitengeneza. Nati na boliti nafuata Tunduma. Yanayobaki ni nyundo na moto.

Nyanzobe alikuwa mjane wa miezi miwili. Mumewe, Jilala, nilimfahamu: mtu mkubwa, mwenye sauti, aliyesifiwa na kila mtu kwamba ana maksai wanaolima kuliko wote kijijini, Meja na Posta. Jambo ambalo watu hawakulijua, au walilijua wakalinyamazia, ni kwamba Jilala alikuwa na mgongo mbovu, na kwa miaka sita aliyeshika plau ni mke wake. Tena alishika peke yake. Sisi wa Mbozi tunalima wawili, mmoja anashika plau, mwingine anatangulia akiwavuta ng'ombe kwa kamba. Nyanzobe hakuwa na mtu mbele. Aliongea na ng'ombe kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na majirani. "Posta, sogea kidogo. Meja, acha uvivu, watu wanaona." Nao walisogea.

Mdogo wa marehemu, Makene, alikuwa na hoja fupi. Maksai ni wa ukoo, mwanamke hawezi kulima kwa plau, kwa hiyo maksai waende kwake. Alisema maneno haya mbele ya wazee wao, huku nyuma ya mgongo wake likionekana shamba lililolimwa na mwanamke. Wazee waliliangalia shamba, wakamwangalia Makene, wakawa hawataki kumuudhi mtu. Mzee Luhende, mkubwa wao, akatafuta njia ya kutokea.

"Mwezi ujao kuna mashindano ya kulima," akasema. "Mkapimane huko. Nyanzobe akimshinda Makene, maksai ni wake na maneno yaishe. Makene akishinda, awachukue."

"Mzee, nishindane na shemeji yangu?" Makene akacheka. "Nikishinda watu wataniambia nini?"

"Na ukishindwa watakuambia nini?" Nyanzobe akamuuliza.

Mzee Luhende alijua alichokifanya. Mashindano yale yalikuwa ya wanaume tu tangu yaanze. Alikuwa amempa Nyanzobe mlango, akijua upande wa pili kuna ukuta.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya mashindano. Kazi yangu ilikuwa kupima kina cha mistari kwa kijiti chenye alama na kuhesabu mistari iliyokwisha. Nilichaguliwa kwa sababu sisemi, na mtu asiyesema, walidhani, hana upande. Mwenyekiti alikuwa Zebedayo, mwenye duka na jozi ya ng'ombe wanene wasiopenda kazi. Karatasi zote zilishikwa na bwana shamba Lusubilo.

Basi wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Lusubilo alikuja na barua kutoka kwenye mradi uliokuwa ukitoa zawadi. Mwaka huo zawadi ilikuwa plau mpya. Barua ilisema kuanzia sasa wanawake washiriki, na kwa kuwa hawajazoea, wapewe kianzio ili wahamasike.

Niseme ukweli, nilifurahi, ingawa hakuna aliyeona. Bila barua ile Nyanzobe asingekanyaga uwanja. Anayesema barua ilikuwa mbaya tangu mwanzo hakuwepo.

"Kianzio gani sasa?" Zebedayo akauliza. "Waanze mapema?"

"Wakianza mapema wageni watawakuta wamemaliza," akasema Lusubilo. "Picha itapigwa lini?"

"Tuwape alama."

"Alama haionekani. Mradi unataka kitu kinachoonekana."

Walizunguka hivyo mpaka soda zikaisha, ndipo Zebedayo akapata wazo. Kila kipande cha shamba kilikuwa cha mistari ishirini. Basi kwenye vipande vya wanawake kamati ilime kabisa mistari minane, siku moja kabla. Mwanamke atakuta minane tayari, atamalizia kumi na miwili. Mwanaume atalima yake yote ishirini. Lusubilo alipenda sana. Akaandika kwenye fomu safu mbili, moja ya wanaume wasiosaidiwa na nyingine ya wanawake waliosaidiwa. Safu nyingine haikuwepo, na wakati ule hakuna aliyeiona haja yake.

Habari ilienea kabla hatujafika nyumbani. Mwaka uliotangulia washiriki walikuwa wanaume kumi na wawili. Kufikia Ijumaa orodha ilikuwa na wanaume watano na wanawake saba. Sikuwa najua kijiji chetu kina wanawake saba wanaolima kwa plau. Nao sita kati yao hawakuwa wanajua. Waume zao walikuwa wameandika majina ya wake zao, wao wenyewe wakajiandika wavuta kamba. Wa kwanza kuandikwa alikuwa Edina, mke wa Zebedayo, mama mpole wa kwaya ambaye plau alikuwa ameiona dukani kwao ikiwa bado na karatasi.

"Mke wangu amehamasika," Zebedayo akatuambia.

Mistari ya msaada aliilima Zebedayo mwenyewe, Ijumaa mchana, baada ya chakula. Huku kwetu kulima kunaanzia katikati ya kipande. Unapiga mistari ya kwanza katikati, halafu unaizunguka ukienda nje, na kila mstari unaegemea ule uliotangulia. Kwa hiyo wa katikati ukipinda, yote inapinda mpaka mpakani. Kila mkulima analijua hilo, na Zebedayo analijua pia. Ila ng'ombe wake walikuwa na njia yao ya kwenda mtoni iliyokatiza uwanjani, na kila walipoifikia waliifuata kidogo, kisha wakarudi. Vipande saba, mistari hamsini na sita, na yote ilikuwa na tumbo. Kina chake hakikuzidi vidole vitatu, na kijiti changu kilionyesha hivyo. Nilimwonyesha Zebedayo kile kijiti.

"Ya msaada haipimwi," akaniambia. "Andika imetolewa."

Nikaandika imetolewa.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, Nyanzobe alikuja uwanjani kukagua kipande chake. Alinikuta mimi, Zebedayo, na Makene, ambaye naye alikuja kuangalia cha kwake.

"Fundi, hii ni ya nani?" akauliza akionyesha ile minane.

"Yako," nikasema.

"Mimi sijalima hapa."

"Ni ya msaada, mama," Zebedayo akadakia. "Ya kukutia moyo."

Nyanzobe alifumba jicho moja, akaitazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. "Aliyelima alikuwa anafukuzwa na nyuki?"

Makene alicheka mpaka akakaa chini. Zebedayo akaangalia upande wa mtoni.

"Mwenyekiti, naomba kipande kitupu," Nyanzobe akasema. "Kama cha Makene. Mistari ishirini yangu mwenyewe."

"Haiwezekani. Jina lako liko kwenye safu ya wanaosaidiwa."

"Nihamishe safu."

"Safu ile ni ya wanaume, mama. Nikikuhamishia huko, mradi utauliza mwanamke huyu amekuwaje mwanaume. Mimi nijibu nini?"

"Shemeji, usikatae vya bure," Makene akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Ila ujue tu, ukinishinda umenishinda wewe na Zebedayo. Maksai nao tutawagawa hivyohivyo. Meja aende kwa Zebedayo, Posta aje kwangu."

Hapo Nyanzobe aliitazama tena ile minane. Nilimwelewa. Alikuwa amesubiri mwaka ambao angeruhusiwa kupimwa na wanaume, na mwaka huo ulipokuja, ulikuja na kitu kitakachofanya kipimo kisihesabiwe. Akishindwa, ng'ombe wanakwenda. Akishinda, watu watasema ni mistari minane. Aliniangalia mimi, mjumbe wa kamati. Nilikuwa na maneno mengi tu. Niliangalia kijiti changu.

Jumamosi ilikuwa na watu wengi. Gari la wageni wa mradi lilifika saa nne likitokea Tunduma, plau ya zawadi ikiwa imefungwa nyuma. Edina alikuja na viatu vya kanisani. Zebedayo akapuliza filimbi.

Nimeshuhudia mashindano manane katika uwanja ule, na sijawahi kuona watu wakishindana kwa utulivu namna ile. Wanaume wawili kati ya wale watano walilima mistari miwili, wakatazama vipande vya wanawake, wakafungua nira. "Siwezi kumkimbiza mtu aliyelala njiani akanisubiri," mmoja akasema, akaenda kununua muwa. Wanawake wa kuandikwa nao hawakuwa na haraka, kwa kuwa minane walikuwa nayo mfukoni. Kila mmoja alishika plau mstari wa kwanza, mume akasema ngoja nikusaidie kidogo, na msaada ule ukaendelea mpaka mwisho. Edina alikaa kivulini na wageni akiulizwa amejifunza wapi kulima.

Makene alikuwa bado analima, lakini si kama ninavyomjua. Makene akiamua kulima, hageuzi shingo. Siku ile aligeuza kila mwisho wa mstari, akapiga soga na watu, akawacheka ng'ombe wa Zebedayo. Alikuwa na jibu tayari kwa lolote litakalotokea, na nimeona mara nyingi kwamba mtu mwenye jibu tayari hasukumi plau kwa nguvu zote.

Nyanzobe yeye hakwenda katikati. Aliwapeleka Meja na Posta mpakani kabisa mwa kipande, akachomeka kijiti chenye kitambaa cheupe upande wa pili, akaanza kulima kutoka nje kwenda ndani. Watu wakapiga kelele.

"Amepotea huyo! Katikati ni huku, mama!"

"Anazunguka kama mtu anayetafuta mlango!"

Aliongea na ng'ombe tu. Nilimfuata na kijiti changu, na kila nilipopima nilikuta vidole saba, saba, saba, na mstari umenyooka hadi kwenye kitambaa. Alilima sita upande huu na sita upande ule, mpaka akawa ameifikia ile minane ya Zebedayo, iliyobaki katikati na tumbo lake.

Kumi na miwili. Kwa sheria ya kamati alikuwa amemaliza, tena wa kwanza. Zebedayo akapuliza filimbi ndefu, Lusubilo akafungua fomu, mgeni mwenye kamera akaja mbio. Makene alikuwa na mistari tisa. Alisikia filimbi, akasema, "Si niliwaambia," akasimamisha ng'ombe wake, akaomba maji.

Nyanzobe hakusimama. Aliingiza plau kwenye mstari wa kwanza wa msaada, akaanza kuulima upya.

"Mama, umeshinda!" Zebedayo akamkimbilia. "Simama! Umeshashinda!"

"Bado."

"Imekwisha, mama! Filimbi imelia!"

"Imelia ya kumi na miwili. Makene anatakiwa ishirini. Na mimi ishirini. Meja, usimsikilize."

Mwenyekiti wa kamati akawa anakimbia pembeni ya maksai akimsihi mshindi akubali kushinda. Alianguka mara moja. Nyanzobe aliifuta mistari yote minane, mmoja baada ya mwingine, na alipotoka mwisho kipande chake kilikuwa kimenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Watu wakashangilia, hata yule wa muwa.

Kamati ilikaa dakika kumi. Lusubilo alisema jambo ni zito. Mshiriki alipewa mistari minane na mradi, na mistari hiyo haionekani tena. Kwenye safu ya waliosaidiwa hawezi kuandikwa, kwa sababu ameuharibu msaada, na kwenye safu ya wasiosaidiwa ni wanaume tu.

"Basi hakushiriki," akasema Zebedayo, nguo zake zikiwa na udongo.

Akafutwa. Plau mpya akapewa Edina, wa pili kumaliza, na picha ikapigwa akiwa ameshika mikono ya plau. Alishika kinyumenyume, lakini mgeni alisema picha ni nzuri.

Nyanzobe hakuiangalia hata ile plau. Alikwenda moja kwa moja kwa wazee. Makene alikuwa ameshafika.

"Amefutwa," Makene akawaambia. "Mtu aliyefutwa anamshindaje mtu? Tena mimi nilisimama kwa filimbi. Na sikuwa nimejitahidi."

"Nani alikukataza kujitahidi?" mzee Luhende akamuuliza.

"Nijitahidi ya nini, mzee, na mtu amepewa minane?"

Mzee Luhende alizungusha macho, na najua alikuwa anatafuta tena njia ya kutokea. Kwa bahati mbaya njia ile ilipita kwangu. "Mpimaji yuko wapi? Wewe Fundi. Filimbi ilipolia, huyu alikuwa na ngapi na yule ngapi? Ya mikono yao wenyewe."

Nilisema. Wakaniambia hawasikii. Nikasema tena. "Huyu fundi anaongea na viatu vyake!" mtu akapiga kelele nyuma. Mara ya tatu nilisema kwa nguvu mpaka ng'ombe wakanyanyua vichwa. "Nyanzobe kumi na miwili, vidole saba! Makene tisa, vidole vitano! Na ya msaada vidole vitatu, imepinda, na niliona, na sikusema!"

Sehemu ya mwisho hakuna aliyeniuliza.

Mzee Luhende aliwaangalia wenzake. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. "Maksai ni wa Nyanzobe," akasema, "na maneno yameisha." Makene alitema mate pembeni, akaondoka na ng'ombe wake. Jumatatu Zebedayo alinipa taarifa kwamba kamati imepata mpimaji mwingine.

Ripoti ya mradi, nilivyosimuliwa, ilisema ushiriki wa wanawake umepanda kutoka sifuri hadi saba na mshindi ni mwanamke. Hakuna neno la uongo humo. Mwaka uliofuata wote kumi na wawili walioandikwa walikuwa wanawake. Makene naye alimwandika mkewe. Kila kipande kikapewa minane, na kwa kuwa sasa wote walikuwa sawa, kamati ikaongeza vipande viwe vya mistari ishirini na minane ili ushindani uwepo. Zebedayo alilima ya msaada kwa siku mbili na hakwenda kanisani Jumapili kwa sababu ya mgongo. Nyanzobe hakujiandikisha. Mwaka wa tatu mradi uliisha, na mashindano yakaisha nao.

Yeye aliendelea kulima kwa Meja na Posta, na kulimia watu, na kuja kwangu na plau yake kila msimu. Tuliongea sana miaka ile. Namaanisha aliongea, nami nikawa namwangalia usoni, jambo ambalo kwangu si dogo. Hakulitaja tena lile shindano, na watu walipomsifu mbele yangu aligeuza maneno.

Mwaka 2013 alihama. Malisho yalikuwa yamebana, na binti yake alikuwa ameolewa upande wa Mkwajuni. Alipita kibandani asubuhi, vyombo vikiwa kwenye mkokoteni, na maksai wengine, vijana, wakiuvuta. Nilimkazia nati za magurudumu. Nilijua nikinyamaza sitapata nafasi nyingine, basi nikamuuliza jambo nililolibeba miaka minane. "Siku ile uwanjani, mzee Luhende aliposema maksai ni wako, mbona hukucheka?"

Alikwisha kupanda. Alifikiri kidogo, kamba mkononi.

"Nilifurahi, Fundi. Ila Makene alilima kwa nguvu nusu tu. Ile nusu nyingine mpaka leo sijaiona."